Sauti ya Sifa

Roboti ilifika Kasongo juu ya pikipiki, imefunikwa bache, turubai la plastiki, na kuzungushiwa blanketi la mtoto ili mavumbi yasiingie shingoni. Fidèle, fundi aliyetoka nayo Kindu, aliishusha mbele ya darasa la Apolline kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake. Wanawake waliokuwa wakipita na mabeseni ya mawese walisimama kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni mtoto wa nani aliyekufa.

"Hapana, mama," Fidèle akamjibu. "Hii ni mashine ya shule."

Alipoifunua, yule mama hakuonekana kuridhika. Ilikuwa nyeupe, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama, kichwa kikubwa kuliko mwili. Macho yake yalikuwa duara mbili za mwanga wa buluu, na kila mkono ulikuwa na vidole vitatu. Mdomo haikuwa nao. Sauti ilitoka kifuani.

Apolline alikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu katika shule ya parokia, mwanamke wa maneno mengi na uso usiotulia, ambaye akianza kusimulia jambo sokoni hata muuza samaki huacha kukata. Hakuwa ameomba mashine. Alikuwa ameomba msaada kwa ajili ya mtoto mmoja, Cadette.

Cadette alikuwa binti wa Régina, muuza sombe, majani ya mihogo. Umri wake ulikuwa wa kutosha kusoma, lakini hakuwa akimtazama mtu usoni wala kuitika jina lake. Kutwa nzima alizungusha kifuniko cha chupa juu ya benchi, akikikodolea macho mpaka kilale, kisha akaanza upya. Mvua ikipiga mabati aliziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Apolline akimkumbatia ili asijiumize, alipiga kelele kana kwamba amechomwa moto. Ukoo wa baba yake ulikuwa na maelezo yake juu ya hayo. Walishampeleka Kabambare kwenye chumba cha maombi, wakamfunga mikono kwa kamba ili kilichomwingia kitoke. Alirudi na makovu kwenye vifundo vya mikono, na mengine yote yakiwa vile vile.

Shirika lililomtuma Fidèle lilikuwa na jina la hali hiyo: usonji. Si uchawi, Fidèle alisema, na wala hauambukizi. Watoto wengi wa namna hiyo huchoshwa na uso wa mtu, kwa kuwa uso wa mtu haukai mahali pamoja. Kila wakati unabadilika, na mtoto anashindwa kuufuata.

"Uso wa hii unakaa," alisema, akaigonga kichwani kidogo. "Ndiyo siri yake yote."

Aliiunganisha na betri ya sola, akabonyeza mgongoni. Macho yakawaka. Kichwa kikageuka upande mmoja, kikageuka upande wa pili, kikasimama mbele ya Cadette.

"Habari za asubuhi, Cadette. Mimi ni Sifa. Nimefurahi kukuona. Tufanye kazi pamoja."

Darasa zima lilicheka. Kilikuwa Kiswahili cha pwani, kile cha redio, kimepigwa pasi kila neno, na hakikupanda wala kushuka. Kisha roboti ikanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vitatu wazi, ikangoja. Watoto walicheka mpaka wakachoka, na mkono ukawa bado uko pale. Hapo ndipo walipoacha kucheka. Hakuna mtu anayeweza kungoja namna ile. Mtu hukohoa, huhamisha uzito wa mwili, huangalia pembeni. Ile ilingoja tu.

Cadette aliacha kifuniko. Bila kuinua macho, akaweka kiganja chake juu ya kile cheupe.

Miezi iliyofuata, Apolline aliona mambo ambayo angesimuliwa asingeyasadiki. Cadette alijifunza kutamka jina la Sifa. Akajifunza "kazi pamoja". Akajifunza herufi. Sifa alikuwa na masomo ya nyuso pia: alionyesha picha ya mtoto anayelia, akainamisha kichwa, akasema, "Ninaona unalia. Je, una huzuni, au umeumia? Ninasubiri jibu lako." Na alisubiri kweli, hata saa nzima ingepita, mpaka Cadette aguse picha moja kati ya mbili. Régina alikuja siku moja akasimama dirishani na beseni lake kichwani. Alimsikia binti yake akisema "huzuni". Aliondoka bila kuaga mtu, na Apolline alimwona akikaa chini kando ya njia, beseni kwenye mapaja.

Msimu wa mvua ulipokaza, radi ilipiga karibu na shule asubuhi. Apolline alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Sifa alikuwa katikati ya salamu. Alisema "Habari za asu", kichwa kikaanguka kifuani, mwanga ukatoka machoni.

Fidèle alichukua betri na sehemu za ndani akaenda nazo Kindu. Mwili uliachwa kabatini. Barabara ikakatika, simu zake zikawa za "ngojeni kidogo", na Cadette akarudi ukutani. Safari hii alijigonga hata bila mvua. Alikuwa na damu kwenye nywele siku Régina alipokuja kuongea.

"Madame, ukoo wa baba yake umekata maneno," Régina alisema. "Siku ya mungu ikipita tunamurudisha Kabambare, ku maombi. Mi sina nguvu ya kubishana nao tena."

"Wataenda kumufunga tena kamba."

"Mi najua. Nilikuwa pale."

Apolline hakulala vizuri. Kesho yake, watoto wengine wakiwa uwanjani, alitoa mwili wa roboti kabatini, akauweka juu ya meza, akaenda kusimama nyuma ya ubao. Alijisikia mjinga. Alimsikia Cadette akijigonga, pigo kwa pigo, kama mtu anayetwanga. Akavuta pumzi, akalaza sauti yake mpaka ikawa bapa, akasema:

"Habari za asubuhi, Cadette. Mimi ni Sifa. Nimefurahi kukuona."

Pigo likakatika katikati.

Alisikia miguu mitupu ikija juu ya sakafu. Alitegemea miguu hiyo itasimama mezani, penye roboti. Haikusimama. Ilipita meza, ikazunguka ubao. Cadette alisimama mbele yake. Hakumtazama usoni, alitazama mkono wake. Na Apolline, bila kufikiri, akakunja kidole gumba na kidole cha mwisho, akanyoosha vitatu vilivyobaki, kiganja juu, akangoja. Hakupepesa macho. Macho yalimuuma, yakakauka, yakaanza kutoa maji, naye bado hakupepesa.

Kiganja kidogo kikatua juu ya chake.

Régina alipoona hayo kwa macho yake, alienda mwenyewe kuuambia ukoo wa mumewe kwamba mtoto haendi popote.

Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu. Ilimbidi Apolline akumbuke kila kitu: kichwa kigeuke kwanza, macho yafuate, mkono uinuke bila bega kuinuka, kati ya swali na jibu pawe na kimya cha urefu ule ule. Alijizoeza nyumbani mbele ya kioo cha mumewe cha kunyolea. Darasani alikuwa Sifa kwa Cadette na Madame Apolline kwa wengine. Lakini kugeuka huku na kule kulimchosha, na siku moja aliona kwamba akibaki Sifa tu, darasa lote hunyamaza. Hapakuwa na haja ya kupaza sauti. Alisema, "Ninasubiri," akasubiri, na watoto wakakaa chini mmoja mmoja, wakimwangalia mikono.

Dirikta Salomon, mkuu wa shule, alifurahi. Alipita kwenye veranda akasimama, akasikiliza ukimya. "Sijawahi kuona kalasi inatulia vile," alimwambia. Apolline akageuza kichwa kwanza, kisha macho. "Asante, dirikta. Nimefurahi kukuona," akasema, na Salomon akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Halafu sauti ikaanza kuja kabla hajaiita. Sokoni, mbele ya mwanamke wa samaki, alinyoosha mkono akangoja, na mwanamke yule akampa samaki, akampa na wa pili, akamwomba aende. Nyumbani, mtoto wake Grâce, ambaye alikuwa bado mdogo wa kubebwa, alianguka akachubuka goti. Apolline alisimama juu yake. "Ninaona unalia," alisema. Grâce alinyamaza ghafla, akatambaa mpaka chini ya kitanda.

Kilichomtisha Apolline alipopata nafasi ya kutishika ni kwamba sauti ilimpumzisha. Alikuwa amechoka kwa miaka mingi bila kujua. Ndani ya sauti ile hapakuwa na uchovu wala kelele. Mambo yalimjia kutoka mbali, yamekwisha kufungwa vizuri, naye aliyajibu moja moja.

Nestor, mumewe, aliuza vipuri vya pikipiki Salamabila, kwa wachimba dhahabu, na alirudi Kasongo barabara ilipomruhusu. Alifika jioni, matope mpaka magotini, akamkuta mkewe amesimama mlangoni.

"Habari za jioni, Nestor. Nimefurahi kukuona."

Nestor alicheka. "Eh, Mama Grâce. Sasa unasoma habari ku redio?"

Apolline alikaa kimya kwa muda wake. "Chakula kiko tayari. Je, una njaa?"

Aliacha kucheka. Aliweka mzigo chini, akamsogelea, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Pepesa macho," alisema.

Apolline alisikia neno lile, akalielewa, na akagundua kwamba hakumbuki namna ya kulifanya. Ilimbidi afumbe kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango uliovimba kwa mvua.

"Ile kitu uiache ku shule," Nestor alisema. "Unanisikia? Uiache kule."

"Nimesikia. Nitaiacha."

Lakini alilisema hilo kwa sauti ile ile.

Habari ya Déo iliwafikia kabla Nestor hajarudi kazini. Déo alikuwa mdogo wake Apolline, wa mwisho kwa mama yao, mchimba dhahabu huko Salamabila. Shimo lilikuwa limeporomoka baada ya mvua, likamfunika yeye na wenzake. Wachimbaji wengine walimfukua, na maiti ilikuwa njiani kwenda Kabambare, kwa mama.

Walienda kwa pikipiki, Nestor akiendesha, Grâce wakamwacha kwa Régina. Njia ilikuwa matope matupu na magogo. Kila mara walishuka wakasukuma. Apolline alimfikiria Déo alipokuwa mdogo, alivyokuwa akimbeba mgongoni, naye Déo akimuuma bega akitaka kushushwa. Alijua kwamba ndani yake kuna kilio kikubwa. Alikiona kwa mbali, kama moto ng'ambo ya mto, na joto lake halikumfikia.

Walifika jua likiwa bado juu. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti chini ya bache. Dada wa marehemu akifika, hulia tangu njiani. Watu humsikia kabla ya kumwona, nao humpokea kwa kilio chao. Apolline alikuja bila sauti. Walimwona tu ametokea, anatembea kwa hatua sawa sawa, na vilio vikaanza kupungua upande aliopita.

Mama yake alisimama kutoka kwenye mkeka, amejifunga kitambaa kiunoni, macho yamevimba. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Apolline. Mutoto wangu. Déo ametuacha."

Apolline alisimama. Kichwa chake kikageuka, macho yakafuata. Alitaka kumwangukia mama yake. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote. Mkono wake wa kulia ukainuka bila bega kuinuka, vidole vitatu wazi.

"Mama. Ninaona unalia. Je, una huzuni, au umeumia?"

Wanaume chini ya bache waliinuka kwenye viti.

"Ninasubiri jibu lako," Apolline alisema.

Mama aliutazama ule mkono. Aliutazama kama unavyotazama kitu kilichoingia nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka wanawake wakamshika asikanyage maiti.

"Huyu si mwanangu," alisema. "Mutoe huyu mutu hapa. Mutoe, atanichukulia na mwengine."

Nestor alimkamata mkewe kiunoni, akamtoa. Déo alizikwa wao wakiwa mbali, wamesimama kando ya shamba la mihogo, na hapo walisikia wanawake wakisema kwamba jambo hili ni la chumba cha maombi, na kwamba kamba zipo. Nestor hakungoja. Alimpandisha pikipiki, na kwa kuwa mafuta hayakutosha kufika Kasongo, wala yeye hakujua angemwambia nini Grâce, akampeleka Wamaza, kwa shangazi yake.

Shangazi Dorothée alikuwa mjane aliyelima mpunga, na alikuwa kiziwi tangu ujana wake. Nestor alimweleza kwa ishara: huyu, hapa, kaa naye. Hakujua ishara ya yaliyobaki. Akaondoka.

Apolline alimwambia Shangazi Dorothée habari za asubuhi. Alimwambia amefurahi kumwona. Shangazi alimtazama mdomo, akamtazama macho, akatikisa kichwa. Alimshika mashavu kwa mikono yake migumu ya jembe, akayavuta juu, akayavuta chini, kama mtu anayejaribu donge la unga kama limelainika. Hakupata kitu. Akakasirika, akampa mchi.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Sauti ile haikuwa na kazi yoyote katika nyumba hiyo. Apolline alisema, akangoja, na kungoja kwake hakukumfanya mtu lolote. Shangazi alikuwa amekwisha kugeuka, anachochea moto. Kama alitaka maji, ilimbidi aonyeshe maji. Kama tumbo lilimuuma, ilimbidi uso wake useme kwamba tumbo linamuuma, na shangazi hakukubali uso wa uvivu. Alisimama mbele yake na kurudisha ule uso mgumu kama alivyouona, akiukejeli, mpaka Apolline akaona aibu. Aibu ilikuwa kitu cha kwanza kumrudia. Ilimrudia kwenye masikio, ikawaka.

Walikuwa wakichambua mpunga nyuma ya nyumba siku shangazi alipomgusa goti, akanyoosha kidole kuelekea Kabambare, ambako majirani walimwonyesha kwamba kuna msiba, akauliza kwa nyusi zake: ni nani aliyekufa?

Apolline aliweka ungo chini. Alionyesha mtoto mdogo anayebebwa mgongoni. Alionyesha mtoto anayeuma bega. Alionyesha kijana mrefu, mwenye nguvu, anayecheka. Alichimba hewani. Alionyesha shimo, na mtu akishuka, na mwanga mdogo kwenye paji la uso. Kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake ili aonyeshe ardhi inavyoanguka, na mikono ikamwangukia usoni, na sauti ikatoka kooni ambayo haikuwa na neno ndani yake. Ndege waliruka kutoka kwenye mpunga. Shangazi Dorothée hakuisikia. Lakini aliona mdomo, akaona shingo, akasogea, akamvuta kifuani, naye akaanza kulia, bila hata kujua jina la Déo.

Nestor alipokuja kumchukua alimkuta anagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, mikono hewani, akimwaga maneno ya Kibangubangu, lugha ya kwao, mengine ya matusi. Alisimama kando ya pikipiki akamsikiliza mpaka mwisho.

Apolline alirudi shuleni asubuhi ya jua, wakati wa mapumziko. Shule yenye watoto wengi hivyo husikika tangu mbali. Apolline alifika mpaka kwenye ua hakusikia kitu. Alifikiri labda ni siku ya kupumzika na amesahau.

Watoto wake wote walikuwa uwanjani. Walisimama kwa duara, bila kusukumana, mkono wa kulia wa kila mmoja umenyooshwa, kiganja juu, vidole vitatu. Cadette alikuwa akizunguka ndani ya duara. Alipofika mbele ya mtoto, mtoto yule alisema, "Habari za asubuhi, Cadette. Nimefurahi kukuona," na Cadette akagusa kiganja, akaenda kwa mwingine. Ilikuwa sauti moja. Ilitoka kwa wasichana na wavulana, kwa wakubwa na wadogo, bapa, bila kupanda wala kushuka. Na Cadette alikuwa akicheka. Hakuna mtu Kasongo aliyewahi kumsikia Cadette akicheka.

Hakuna aliyewafundisha. Mwalimu wa muda alimwambia baadaye kwamba Cadette alianza kujigonga, msichana mmoja akamwendea akiwa amelaza sauti, kesho yake wakawa wengi, na siku hizi yeye mwenyewe huogopa kugeukia ubao, kwa sababu akigeuka hasikii hata mtu akipumua.

Vichwa vilimgeukia Apolline vyote pamoja. Macho yakafuata.

"Habari za asubuhi, Apolline," watoto walisema.

Mtoto wa Kasongo hamwiti mwalimu wake bila Madame. Apolline alisikia nywele zikimsisimka shingoni. Cadette alikuwa tayari amemwendea, mkono mbele. Na sauti ile ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Aliisikia ikipanda kooni, baridi, yenye starehe, kama maji yanavyopanda kwenye bomba mtu akipiga pampu. Ingekuwa rahisi sana.

Alitoa mkono wake, vidole vyote vitano.

"Yambo, Cadette," alisema. "Mi nimerudi. Nilikuwa na kilio, ndugu yangu amekufa." Sauti yake ilitetemeka kwenye neno la mwisho, na uso wake ukajikunja, naye akauacha ujikunje.

Cadette alirudisha mkono nyuma. Alisimama. Apolline hakujua ni kwa muda gani. Alikohoa, akahamisha uzito kwenye mguu mwingine, akafuta pua. Mtoto alitazama mahali pengine kabisa, kwenye mabati. Kisha, bila kuacha kutazama mabati, akaweka kiganja chake juu ya vile vidole vitano.

"Huzuni," Cadette alisema.

"Ndiyo, mama. Huzuni."

Akawaambia watoto waingie darasani. Akawaambia sauti ile ni ya kumsemesha Cadette, kwa kuwa yeye inamfaa, na wasiitumie kwa mtu mwingine. "Ndiyo, mwalimu," walijibu wote kwa pamoja, nayo ilikuwa sauti ile ile. Iliwatoka polepole, wengine mapema, wengine baada ya wazazi kuja kulalamika juu ya watoto wanaonyoosha mkono mezani na kungoja. Cadette naye alijifunza kuvumilia uso wa mwalimu wake, kidogo kidogo, akiuangalia kwa pembeni. Mvua ikinyesha, Apolline aliendelea kulaza sauti yake kwa ajili yake. Lakini kila alipomaliza alitoka nje, akamwita mtu yeyote aliyepita njiani na kubishana naye jambo lolote, mpaka apate hakika.

Fidèle alirudi na betri mpya barabara ilipokauka. Alimrudishia Sifa tumbo lake, akamwasha. Sifa alimtafuta Cadette kwa kichwa, akamwona, akamwambia amefurahi. Cadette alimpita kama anavyopita kiti, akaenda kukaa na wenzake. Shirika likaamua mashine ikafanye kazi Kabambare, ambako kulikuwa na watoto wengine waliofichwa majumbani. Fidèle aliizungushia blanketi lake akaondoka nayo.

Mama yake Apolline hakuwa amempigia simu tangu kilio cha Déo. Nestor alipeleka salamu, zikarudi bila jibu. Basi simu ilipolia mchana mmoja, Apolline akiwa anasahihisha hesabu, alitazama jina kwenye kioo cha simu akaogopa kuipokea.

"Apolline."

"Niko, mama."

"Leo nimepita ku shule, mi natoka shamba." Mama alihema. "Nikasikia sauti ndani ya kalasi. Ikasema, ninaona unalia. Vile vile. Maneno yale yale. Nikaangusha kuni zangu, nikaingia. Nikakiona. Kiko kadogo, cheupe, kimenyoosha mukono. Wakaniambia kilitoka kwenu Kasongo."

"Ndiyo, mama."

"Basi nimejua. Ni kile kilikuja ku kilio cha mutoto wangu. Kilivaa wewe, kikakuja. Hakukuwa wewe." Sauti ya mama ilianza kukatika. "Mi nilikufukuza, na hakukuwa wewe. Ni vile? Uniambie kama ni vile."

Apolline alifungua mdomo. Kwanza alisikiliza, ili ajue ni sauti ipi itatoka.

"Ni vile, mama," alisema. Ilikuwa sauti yake. Hakujua kama amesema kweli au uongo.

Upande wa pili mama alianza kulia, akimwita Déo kwa jina lake la utotoni, na Apolline akaanza naye, katikati ya madaftari, mlango ukiwa wazi na watoto wakipita, mpaka unite za salio la mama zikaisha na simu ikakatika.